Jina la Kuazima

Mpaka leo mtu akimwona mtoto mchanga amelala na titi mdomoni, akasema, "Ameshiba huyo," mimi husimama nikaenda zangu uani. Watu wa nyumbani wamenizoea. Wageni wanadhani nina kiburi. Sina kiburi, nina hasira, na hasira yenyewe ina umri sawa na binti yangu wa kwanza.

Binti yangu alizaliwa njiti, mimba ikiwa ya miezi saba. Tulikuwa tunakaa Ujiji, nyumbani kwa wakwe zangu, na mume wangu alikuwa fundi cherehani sokoni Mwanga. Ilikuwa miaka ile ya vita ng'ambo ya ziwa. Kila ukiamka unasikia boti nyingine imeshusha watu Kibirizi, na mji mzima umejaa watu wenye vifurushi, wanaulizia ndugu zao kwa majina ya babu. Hospitali nako kulifurika. Walimweka mwanangu kwenye joto mpaka akaweza kushika titi, kisha wakaniruhusu, maana kitanda changu kilikuwa na mwingine anakisubiri. Nesi wa wodini akaniambia, "Mnyonyeshe tu, mama, njiti wanakuzwa na maziwa."

Nikamnyonyesha, Mungu shahidi. Alikuwa anashika titi vizuri, anavuta kidogo, kisha anaachia na kuhema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Kipaji kinalowa jasho kama cha mtu anayepiga kasia. Anashika tena, anaachia tena, halafu usingizi unamchukua hajameza kitu cha maana. Midomo inabadilika rangi. Na hapo hapo mama mkwe anachungulia mlangoni, anasema, "Mashallah, ameshiba huyo. Mlaze."

Ameshiba! Titi limejaa mpaka linauma, maziwa yanamwagika kwenye kanga, huyo mtoto kashiba nini? Hewa? Lakini nilikuwa mzazi wa mara ya kwanza, na mzazi wa mara ya kwanza hana kauli. Majirani walikuja kunitazama ndani ya arobaini, wakakaa mkekani, wakanywa uji wangu wa pilipili manga, wakasema mtoto mtulivu kweli, wala hasumbui, mama yake ana bahati. Nikauliza jasho je? "Hilo ni maziwa yanamwingia." Kuhema je? "Mlafi tu." Kila nililouliza lilikuwa na jibu lake tayari. Walimsifu mwanangu kwa kukosa nguvu ya kulia, na mimi nikaambiwa nishukuru.

Kliniki nako nilikwenda kutukanwa. Uzito haukupanda. Nesi aliyekuwa zamu akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, akasema mbele ya foleni nzima, "Wewe unanyonyesha au unapiga umbea? Wazazi wa siku hizi wavivu." Nikamweleza habari ya jasho, nikamweleza midomo. "Mnyonyeshe mara kwa mara," akasema, akaita mwingine. Hakumgusa mtoto. Hakuweka hata kiganja kifuani pake, ambako mimi nisiyesoma udaktari nilikuwa nasikia moyo unakimbia mchana kutwa. Nikauliza kama kuna daktari wa kumpima moyo. Akacheka kidogo. Daktari wa watoto, akasema, siku hizi yuko mahemani kwa wakimbizi.

Basi nikaenda mahemani, kule karibu na ufuko walikofikia watu wa maboti kabla ya kupakiwa malori kwenda kambini. Askari wa getini hakunipa hata nafasi ya kumaliza salamu. Alinisikia nasema maneno mawili tu. "Wewe mwenyeji. Hapa ni kwa wakimbizi. Nenda hospitali yenu." Nikamwambia hospitali yetu ndiyo iliyonileta kwake, maana daktari wetu mmemchukua nyinyi. Akasema yeye hajamchukua mtu, yeye analinda geti. Nikarudi Ujiji na mwanangu ndani ya kanga.

Naomba nieleweke hapa. Sina kinyongo na wakimbizi, nitakuwa nacho vipi? Mama yangu mzazi ni damu ya ng'ambo, na nusu ya Ujiji ni hivyo hivyo, ukiwakwangua kidogo tu utakuta babu wa Kongo. Hasira yangu ni kwa huyo mwerevu, sijui alikaa ofisi gani, aliyekata shauri kwamba kichomi cha mtoto wa huku na kichomi cha mtoto wa kule ni magonjwa mawili.

Mtu wa kwanza kumtazama mwanangu akaona nilichokuwa nakiona mimi ni dada yangu. Mama yake na mama yangu ni tumbo moja. Mama yake aliolewa ng'ambo, katika mji wa Baraka, mama yangu akabaki huku. Dada alivuka na vita, mumewe hajulikani alipo, mkononi ana mtoto wa kike mchanga. Waliposhuka wakaandikishwa wote wawili, kisha akaja Ujiji kuulizia nyumba yetu. Yule mtoto alikuwa amepigwa na baridi ya ziwa. Kifua kilimbana, na wiki haikuisha tukamzika makaburi ya hapa hapa. Hiyo ilikuwa kabla kidogo ya mimi kujifungua. Wanawake wakamfunga dada kanga kifuani, wakaikaza, maziwa yakakauka. Kwa walioandikisha wakimbizi hakwenda kutoa habari. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nikaseme nini? Wamfute?" Sikumuuliza tena.

Huyo ndiye alikuwa amekaa pembeni yangu siku moja ninanyonyesha. Akamtazama mtoto anavuta, anaachia, anahema, analowa jasho, anasinzia. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Haiko kushiba hii, dada. Ni kuchoka." Nililia palepale. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimerukwa na akili.

Mama mkwe naye, mtoto alipozidi kukonda, aligeuza maneno. Kumbe hajashiba, kumbe ana kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, kinamziba, ndiyo maana hamezi, dawa yake ni kukikata. Akaagiza aitwe bibi mmoja mkata vimeo, mwenye sifa kuanzia Ujiji mpaka Ilagala. Bibi akaja asubuhi na kijichuma chake kimekunjwa ncha, amekifunga kwenye kitambaa, na unga wa dawa ya kupaka. Akakaribishwa kiti, akapewa chai. Nikamwamkia shikamoo kama inavyopasa. Lakini mtoto nilikuwa nimembana kifuani ndani ya kanga, mdomo wake umegusa ngozi yangu.

"Mlete," akasema mama mkwe.

"Simleti, mama."

"Unasemaje?"

"Mtoto anahema namna hii, mumtie chuma kooni? Damu ikishuka atapumua na nini?"

"Mumeo, mwanangu, nilimkatisha kimeo. Shemeji zako wote nimewakatisha. Mbona wanamaliza ugali mpaka wa jirani?"

Wanawake waliokuwapo wakacheka. Siku nyingine hata mimi ningecheka, maana ugali wa shemeji zangu ulikuwa hadithi ya mtaa. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia bado iko shingoni. Akatazama chini, akasema, "Msikilize mama. Ana uzoefu."

Ebo! Nikamwambia palepale, mbele ya mama yake na mbele ya mgeni: "Wewe suruali ya mtu unaipima mara mbili ndipo unakata kitambaa. Koo la mwanao ndilo likatwe bila kupimwa?"

Yule bibi, na kwa hili namshukuru mpaka kesho, akafunga kitambaa chake. Alisema yeye hamkati mtoto ambaye mama yake hataki, akamaliza chai yake, akaaga. Mama mkwe akanigeukia. "Akifa huyu, damu yake iko shingoni mwako." Nikajibu, "Na iwe." Nilijibu hivyo kwa sauti kubwa, kisha nikaingia chumbani. Sasa hapakuwa na mtu wa kumlaumu tena. Nilikuwa nimekataa chuma, na badala ya chuma sina kitu.

Dada akanifuata. Akaketi kitandani, akamchukua mtoto, akamtazama muda mrefu.

"Mimi nina mtoto katika maandishi yao," akasema. "Jina lake linaitwa bado. Tumpe huyu."

Nilimwelewa. Nikasema hapana, dada, hilo siliwezi. Yeye akasema, "Jina limekaa bure. Acha lifanye kazi."

Kesho yake tukapita getini. Dada mbele, mwanangu mgongoni kwake. Mimi nyuma, jirani niliyemsindikiza, nimefundishwa nisifungue kinywa. Tukakaa kwenye benchi hemani. Mwandishi mmoja wa orodha ya wakimbizi, kijana mwenye shati la kupigwa pasi, akaanza kuita majina ya watoto. Lilipoitwa jina la yule tuliyemzika, dada akainuka akasema, "Yupo."

Daktari alikuwa mwenzetu, Mtanzania, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Sina neno baya kwake. Alimlaza mtoto, akampapasa mapajani, akaweka kipimo kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali mtu mzima kumsikiliza mwanangu. Nikauma ncha ya kanga. Kisha akamwambia dada, "Nataka nimwone akinyonya."

Hilo hatukulifikiria. Wanawake wawili wazima, tumepanga kila kitu kuanzia getini mpaka benchini, hatukufikiria kwamba mtoto asiyeweza kunyonya ataombwa anyonyeshwe! Dada hakunitazama. Akafungua blauzi yake, mbele ya wale watu wote, akatoa titi lile lililofungwa kanga likakauka, akampa mwanangu. Mwanangu akalishika. Akavuta, akavuta, hakuna kitu, akaachia, akatoa kile kilio chake chembamba. Dada akamrudisha tena titini. Dada alikuwa amefumba macho, na najua hakuwa pale hemani, na najua hakuwa anamwona mwanangu.

Na mimi, jirani, kusikia tu kile kilio maziwa yakaniruka. Kanga ikalowa, gauni likalowa, yanadondoka mpaka kwenye turubai. Daktari akaniona. Mwandishi akaniona. Basi nikafungua kinywa nilichokatazwa kufungua.

"Nipe mwanangu, dada. Imetosha. Ndiyo, mimi ndiye mama yake. Ndiyo, mimi mwenyeji, nyumba yangu iko Ujiji. Mkitaka kunitoa nitoeni, lakini huyu msikilizeni kwanza, maana hospitali yetu hakuna aliyebaki wa kumsikiliza!"

Mwandishi akainuka kwenda kumwita askari. Daktari akasema, "Kaa. Mama, mnyonyeshe." Nikaketi, nikamnyonyesha, na yeye akachuchumaa karibu akimtazama mtoto mbavu, akimtazama kipaji, mkono wake uko kwenye mguu mdogo wa mwanangu. Mtoto alipolala, mwandishi akasema, "Si ameshiba?" Nilitamani nimpige ndala. Daktari ndiye aliyemjibu. "Hajashiba. Amechoka."

Akatueleza wote wawili, polepole. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mmoja karibu na moyo, na akizaliwa mshipa ule hujifunga wenyewe. Kwa njiti wakati mwingine huchelewa. Usipofunga, damu inarudi kule ilikotoka, inazidi mapafuni, na mapafu yanalowa. Mtoto kama huyo kazi yake nzito kuliko zote ni kunyonya. Maziwa anayoyapata anayamaliza kwa jasho la kuyatafuta. Kuna dawa ya kupunguza maji na kuna ya kuusaidia moyo. Na nimkamulie maziwa, nimpe kidogo kidogo kwa kikombe, apumzike, nimpe tena. Mingi ya mishipa hiyo hufunga kwa kuchelewa, akasema. Usipofunga ni Dar es Salaam kwa kisu, na hilo hakutuficha.

"Dawa ni za walioandikishwa," akasema mwandishi.

"Huyu ameandikishwa," dada akajibu. "Jina lake umeliita wewe mwenyewe sasa hivi."

Daktari akatazama karatasi, akamtazama dada, akamtazama mtoto. Nadhani alielewa lile jina ni la nani na mwenye jina yuko wapi. Akaandika dawa. Akasema tuwe tunarudi wiki hadi wiki, na jina likiitwa tuitike.

Nyumbani baba mkwe, mtu asiyesema sana, alinitolea kikombe kimoja katika vikombe vyake vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Humo ndimo nilimokamulia. Mama mkwe akaenda kutangaza mtaani kwamba mjukuu wake njiti ameshaanza kuketi barazani na wazee, anapiga kahawa. Alisema kwa kejeli, lakini siku ya tatu nilimkuta ameshika kikombe yeye, mtoto mapajani, anamwambia, "Pumzika, mwenzangu, pumzika, hatufukuzwi." Hakuwahi kuniomba radhi mpaka alipofariki. Mume wangu aliniomba, na nilimchelewesha kumjibu kwa makusudi.

Wiki hadi wiki tukaenda. Jina la mtoto aliyefariki linaitwa, dada anainuka, anasema, "Yupo." Kila mara nilimsikia anavyolisema. Mwanangu alikuwa na jina lake zuri tuliloliadhimisha kwa akika ndogo, lakini ndani ya geti hakuwa nalo, na dada yangu nje ya geti hakuwa na mtoto. Niambieni, ni akili ya namna gani hiyo? Mwanamke afiwe, kisha kila wiki asimame mbele ya watu aseme mwanawe yupo, ili mwingine apate chupa ya dawa iliyokuwa imejaa kabati! Na hata malori ya kwenda kambini yalimwacha kwa sababu hiyo, maana mwenye mtoto mgonjwa alisubirishwa. Alikaa kwetu. Alisema hana haraka.

Mwanangu akaanza kulia. Msinicheke, nilikwenda kwa jirani mmoja mmoja kuwasikilizisha. Akalia kwa njaa, akalia kwa kulowa, akalia bila sababu. Jasho likapungua, mapaja yakapata mikunjo. Siku moja daktari akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akarudi mbele, akaanza upya mpaka nikataka kumpokonya kile kipimo. Akasema ule mvumo aliokuwa akiusikia hausikiki tena. Mshipa umefunga.

Baada ya hapo jina la dada likapangwa kwenye lori.

Tukamsindikiza wote. Mama mkwe alikuwa amemfungia dagaa wakavu na chupa ya mawese, anamgombeza asiyamwage njiani. Lori limewashwa, watu wanapanda, mwandishi yule yule anasoma majina. Akasoma la dada. "Nipo." Akasoma la mtoto.

Dada akanigeukia. Mwanangu alikuwa mgongoni kwangu, mbele ya macho yake.

"Mtoto?" akauliza mwandishi.

"Alikufa," dada akasema.

"Alikufa lini?"

"Zamani. Mbele ya siku ya kwanza weye kumwita."

Mwandishi macho yakamwiva. "Sasa wiki zote hizi nani alikuwa anaitika? Mnajua kwamba huu ni wizi?"

Wizi! Nilimsogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Nikamwambia, "Andika mwizi ni mimi. Andika nimeiba masikio ya daktari wetu wenyewe. Andika na huyu mwanamke ameibiwa nini, kama kalamu yako ina wino wa kutosha!" Yeye akainamisha kichwa, akapiga mstari juu ya lile jina, na dada yangu akasimama pale akiutazama mkono wake mpaka ulipomaliza.

Makelele yangu yakamwamsha mwanangu. Akalia kwa sauti ya kupasua masikio, mtaa mzima ungesikia. Dada akapanda lori, akakaa ukingoni, akaniinamia. "Mnyonyeshe," akasema. "Nimwone."

Nikamnyonyesha pale pale, nimesimama katika vumbi na moshi wa lori. Alivuta kwa nguvu mpaka nikakunja uso. Kipaji kilikuwa kikavu. Akavuta bila kupumzika, kisha akaachia mwenyewe, macho wazi, maziwa yanamtiririka kidevuni, akamtazama mama yake mkubwa. Lori likaanza kusogea.

"Sasa ameshiba," dada akasema.

Ndiye peke yake niliyewahi kumkubalia neno hilo.